Tulivyopiga Roki Juu ya Ziwa Magadi

Alhamisi jioni, Buruburu

Leo nimeusikia wimbo wetu ukiimbwa na panya. Mwongozaji wa video ya bendi yetu alikuja na tarakilishi yake, akauweka wimbo, akauongeza kasi mara mbili, na sauti ya mwimbaji wetu, dada ambaye sauti yake ni nzito hadi watu wa redioni humdhania mwanamume, ikatoka kama ya panya aliyebanwa na mlango. Sote tuliangua kicheko isipokuwa yeye. Mwongozaji akasubiri tunyamaze, kisha akamwambia, "Hivyo ndivyo utakavyouimba."

Maelezo yake ni haya. Kamera itapiga fremu 50 kwa kila sekunde, halafu video itachezwa kwa fremu 25. Kila kitu kitakwenda polepole mara mbili: nywele zikipepea, vumbi likiruka, mkono wa mpiga dramu ukishuka. Tatizo ni mdomo, kwa sababu nao utakwenda polepole. Ili maneno yaje kulingana na wimbo halisi, lazima mwimbaji aimbe haraka maradufu siku ya kurekodi, nasi tupige haraka vivyo hivyo. Wimbo una dakika 3 na sekunde 48. Kwa mwendo wa panya unaisha kwa dakika 1 na sekunde 54. Mapigo 84 kwa dakika yanakuwa 168. Mpiga dramu alijaribu mara tatu; mara ya nne kijiti kilimtoka mkononi, kikagonga mlango wa gereji, akaomba maji.

Gereji ni ya mama yake mpiga dramu. Ndiko tunakofanyia mazoezi tangu tuanze bendi, na majirani walishachoka kulalamika. Mimi napiga besi. Sisi ni wanne, tunapiga roki mjini Nairobi, kazi ambayo ukiitaja kwenye matatu watu hukutazama viatu. Wasikilizaji wapo, hawajapungua sana tangu enzi za redio ya roki ya X FM 105.5, ila hawatoshi kumfanya mtu aache ajira. Pesa za video hii tumezidunduliza kutoka kwenye maonyesho ya zaidi ya mwaka mmoja, na kila mmoja amekata kidogo kwenye mshahara wake.

Wimbo unahusu mtu anayengoja mvua. Mwongozaji alipousikia mara ya kwanza alisema neno moja: Magadi.

Leseni ya kurekodi kutoka KFCB, bodi ya filamu ya Kenya, tunayo, barua za kuingia ziwani tunazo. Karatasi za droni hatuna, kosa letu, tulianza kuzishughulikia tukiwa tumechelewa. Droni inabaki nyumbani. Mwongozaji amenuna, kisha akaazima ngazi ya kukunja ya fundi rangi na kuifunga juu ya Probox.

Mama aliingia na birika la chai, akatuhesabu viatu. "Mnaenda Magadi na hizo buti za ngozi? Si mnajua nini magadi hufanya kwa maharagwe?" Tulijua. Kijiko kimoja kwenye sufuria na maharagwe magumu yanalainika kabla hujamaliza kukata kitunguu. Mpiga gitaa alisema buti zake ni sehemu ya mavazi ya video. Mama akasema, "Haya."

Ijumaa, barabarani

Tumeondoka saa nne badala ya saa mbili. Van moja ya kukodi imebeba watu na kamera. Probox imebeba dramu, amplifaya mbili ambazo hazitaunganishwa na umeme wowote, magitaa, zulia la sebuleni kwa mwimbaji, jenereta ndogo, mitungi sita ya maji na ile ngazi.

Sijui kama kuna njia nyingine ya kilomita kama 110 inayombadilishia mtu nchi namna hii. Kiserian tulivaa majaketi na kujaza mafuta. Corner Baridi pameitwa hivyo kwa haki. Tuliposhuka kupiga picha ya bonde, upepo ulitaka kuchukua kofia ya dereva. Chini yetu Bonde la Ufa lilikuwa limelala rangi ya kahawia, ngazi baada ya ngazi, na ukungu wa joto ukificha mwisho wake. Mpiga picha alitoa kamera akaiweka tena. Alisema mahali kama hapa kila mtu anapiga picha moja ileile.

Kutoka hapo ni kushuka tu. Nairobi iko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko karibu na mita 600. Masikio yaliziba, yakazibuka. Jaketi la kwanza lilivuliwa kabla ya Kisamis, la mwisho karibu na Oltepesi. Miti ilifupika, ikawa vichaka, vichaka vikawa miiba. Mbuzi walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha kibao cha barabarani, wamejipanga kwa unyembamba wa kile kivuli, na hakuna aliyemsukuma mwenzake.

Pancha moja, karibu na Olorgesailie. Spea ya Probox ilikuwa chini ya dramu zote. Tulipakua bendi nzima kando ya lami na kuipakia tena. Sina la kuongeza.

Getini Magadi tuliandika majina na namba za magari, askari akauliza tunabeba nini. "Vyombo vya muziki." Akatazama ndani, akaona matoazi yaking'aa. "Kwaya?" Mwimbaji alijibu kabla yetu, "Ndiyo, mzee, kwaya," na tukapita.

Mji wenyewe ni wa kiwanda. Kampuni ya kuchimba magadi ilianzishwa mwaka 1911, reli ikaletwa kutoka Konza, na mpaka leo kila kitu hapa kinaegemea upande wa kiwanda: nyumba, duka, hospitali, hata uwanja wa gofu usio na nyasi. Tumepata vyumba vitatu. Jioni tulikutana na kijana Mmaasai atakayetuongoza ziwani. Alituuliza uzito wa mizigo kabla ya kutuuliza majina.

"Kwa nini uzito?"

"Ziwa si lami, bosi."

Jumamosi, siku ya kwanza ya kurekodi

Tumeamka saa kumi usiku. Saa kumi na moja na nusu tulikuwa ukingoni, na ziwa lilikuwa bado jeusi. Nilikuwa nimejiandaa kuona maji. Sehemu kubwa ya ziwa hili haina maji ya kuonekana. Ina tabaka la magadi lililokauka, gumu juu, na pengine linakwenda chini makumi ya mita. Unatembea juu yake na linalia chini ya kiatu kama mtu anayetafuna mkate uliokaushwa.

Kijana wetu alitangulia na fimbo. Anagonga, anasikiliza, anapita. Mahali panapong'aa hakupita. Alitufundisha kwa sentensi moja: peupe pakavu kanyaga, penye rangi ya waridi uliza, panapometa usikanyage. Rangi ya waridi inatokana na viumbe vidogo mno vinavyopenda chumvi kali, na kulipopambazuka ilitokea kwa mikanda mirefu, kama mtu aliyemwaga sharubati na kuifuta nusu.

Tulibeba dramu kwa mkono mita kama mia nne. Zulia likatandikwa, dramu zikawekwa juu yake, amplifaya mbili nyuma, na ghafla ile gereji ya Buruburu ikawa katikati ya weupe usio na mwisho. Mwimbaji alisimama akitazama zulia lake. "Mama akiliona hili," alisema, akaacha hapo.

Basi, mambo ya spika. Roki ni kelele. Ndiyo maana watu wengine huipenda na wengine huikimbia. Lakini video ya roki hurekodiwa bila kelele ya bendi. Gitaa halijaunganishwa popote. Besi yangu inatoa sauti ya kamba ya kuanikia nguo. Kinachosikika ni wimbo uliorekodiwa zamani studio, unatoka kwenye spika moja, nasi tunajifanya. Shida ni mpiga dramu, kwa sababu hakuna namna ya kujifanya unapiga dramu. Ukizigusa polepole kila mtazamaji ataona. Akipiga kwa nguvu, hatuisikii spika. Tulikata godoro kuukuu la sponji tukajaza ndani ya dramu kubwa, tukabandika vipande chini ya matoazi kwa gundi ya karatasi, na bado alikuwa akipiga kama mtu anayebomoa ukuta.

Spika ikawekwa karibu na kamera, ikielekezwa kwetu. Shoti ya kwanza ilikuwa ile mwongozaji aliyoiota: mwimbaji anaanzia karibu kabisa na kamera, uso umejaza picha, anaimba, kisha anageuka na kutembea kwetu mita 80, akiendelea kuimba huku akitutazama sisi na mara moja moja akigeuza uso nyuma. Hakuna kukata. Jua linachomoza kushoto. Yote kwa mwendo wa panya.

Wimbo ulipoanza kulia kwa ile kasi, wachungaji watatu waliokuwa wakipita na mbuzi ukingoni walisimama. Walitusikiliza kwa adabu kwa muda wa ubeti mmoja. Mwimbaji alipofika kwenye kiitikio na kuanza kurusha mikono kwa haraka kama mtu anayefukuza nyuki, mmoja alikaa chini kabisa kwa kucheka, shuka likamfunika kichwa.

Tulirudia shoti ile mara saba kabla ya jua kupanda. Ya tano ilikuwa nzuri hadi mpiga picha, ambaye si mtu wa maneno, alisema "eeh."

Kuanzia saa tatu kazi ikawa ya kupambana na mwanga. Jua lilikuwa juu na chini kwa pamoja, kwa sababu weupe unalirudisha. Mwongozaji alikuwa amevaa kofia pana na akaungua chini ya kidevu na ndani ya pua. Matoazi yalipata moto hadi mpiga dramu akayashika kwa kitambaa. Mpiga picha aliweka kioo cheusi juu ya kingine mbele ya lenzi ili picha isiungue. Saa sita kamera ilijizima yenyewe kwa joto. Tulikuwa na mwavuli mmoja. Tangu wakati huo mwavuli ulikuwa wa kamera, sisi tulikaa kwenye kivuli cha Probox kwa mpangilio wa wale mbuzi.

Alasiri upepo ulifika na vumbi la magadi. Si kama vumbi la Nairobi. Linawasha jicho, linaacha ladha ya sabuni mdomoni, na ukilowa jasho linakushika ngozi. Nilitema mate mara nyingi kuliko nilivyopiga besi. Shoti za vidole, za miguu, za vijiti, zote tulizipata ndani ya upepo huo na nadhani zitapendeza, kwa kuwa tulikuwa na hasira ya kweli.

Saa nne usiku

Tumeona tulichorekodi, na kuna balaa.

Mwongozaji alichukua ile shoti ya tano, akaipunguza kasi, akaiwekea wimbo halisi. Mwanzoni mdomo na maneno vilikaa pamoja barabara. Mwimbaji akageuka, akaanza kutembea, akatugeukia, akageuza uso nyuma. Hapo mdomo ukawa umechelewa kidogo. Hatua ishirini baadaye umechelewa zaidi. Alipotufikia alikuwa kama filamu iliyotafsiriwa na mtu aliyelala.

Tulimlaumu yeye kwanza. Nakiri. Alikuwa amekaa mlangoni ameloweka miguu kwenye karai, akatusikiliza, akasema, "Mimi nimeimba nilichosikia."

Ilituchukua kama saa nzima kuelewa kwamba alichosema ndicho jibu. Spika ilikuwa kwenye kamera. Sauti hewani inakwenda kama mita 345 hivi kwa sekunde. Akiwa karibu na spika anausikia wimbo papo hapo. Akiwa mita 80 mbali, wimbo unamfikia ukiwa umechelewa karibu robo ya sekunde, naye anaimba sawasawa na alichosikia, yaani kwa kuchelewa robo ya sekunde. Halafu sisi tumeipunguza picha mara mbili, kwa hiyo robo imekuwa nusu. Kama angesimama mahali pamoja, hata mbali, mhariri angeisogeza picha nyuma kidogo na mambo kwisha. Lakini alikuwa anatembea. Kila hatua alikuwa anauacha wimbo nyuma yake.

Miaka yote nimesimama jukwaani nikijua kwamba walioko nyuma kabisa ya ukumbi wananisikia nikiwa nimechelewa, na sijawahi kulifikiria. Mwongozaji alisema tulale, asubuhi tutarudia. Mpiga gitaa alikuwa akitazama buti zake. Mshono wa soli ya kushoto umeachia.

Jumapili, siku ya pili

Suluhisho limetoka kwa dereva, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha tu. "Si kila mtu ana simu?"

Kila mmoja aliwekewa wimbo wa mwendo wa panya kwenye simu yake. Kisikizi kimoja cha waya sikio la mbali na kamera, waya ndani ya shati, simu mfukoni. Visikizi visivyo na waya tulivikataa, vina kuchelewa kwao. Mwongozaji anahesabu moja, mbili, tatu, wote wanne tunabonyeza kwa pamoja, kisha mpiga dramu anagonga vijiti mara nne ili kamera nayo ipate alama. Spika ikazimwa.

Ndipo nilipoisikia bendi yetu kwa mara ya kwanza.

Ukiwa na wimbo sikio moja, sikio la pili liko wazi. La kulia lilikuwa na panya na magitaa ya studio. La kushoto lilikuwa na ziwa. Ziwani kulikuwa na dramu zilizojazwa sponji, puu puu puu, nyaya za gitaa zikikwaruzwa bila umeme, na mtu mmoja aliyekuwa akipiga kelele maneno ya mvua haraka haraka, bila ala yoyote nyuma yake, sauti yake halisi, inaanza karibu na kamera na kutujia. Hakuna kuta za kuirudisha. Alikuwa akikosea baadhi ya noti, maana nani atashika noti kwa mwendo ule, na pumzi ilikuwa ikimwishia mwishoni mwa kila mstari. Nilimtazama akija nikasahau kubadilisha kidole. Ukiona video, katika kiitikio cha pili besi inapigwa uongo. Ni mimi.

Mzee mmoja alikuwa amesimama na kijana wetu kando ya kamera, ameegemea fimbo. Tulipopumzika nilimwendea kwa heshima. "Sopa, mzee."

"Ipa." Akanitazama kisikizi. "Jana mlikuwa na wimbo. Mbaya, lakini ulikuwepo. Leo uko wapi?"

Nilimtolea kisikizi nikamwekea wimbo wenyewe, wa kasi ya kawaida. Alisikiliza amekodoa macho kuelekea Nguruman, ukuta wa Bonde la Ufa. Alisikiliza mpaka mwisho, dakika zote 3 na sekunde 48. Wenye redio wengi hawajatupa heshima hiyo. Alinirudishia, akafuta sikio.

"Anaita mvua?"

"Anaingoja, mzee."

"Hapo sawa," akasema. "Ukiita kwa kelele hivyo itakimbia."

Shoti ya kutembea tulirudia mara nne tu. Baada ya hapo simu ya mpiga gitaa ilizima kwa joto, na yangu ikaonyesha alama ya kipimajoto na kukataa kila kitu. Tulizilaza juu ya mtungi wa maji, tukazifunika kwa leso yenye unyevu, tukakaa kuzingoja kama wagonjwa.

Ile ngazi ilipata kazi. Mpiga picha alipanda juu kabisa, wawili tukashika miguu, na kutoka pale bendi ilionekana kama vitu vilivyosahauliwa mezani. Haifanani na droni. Droni inapaa kwa ulaini wa mafuta. Ngazi ilikuwa ikitetemeka na mikono yetu. Nimeipenda zaidi, na si kwa kujifariji.

Alasiri tulizunguka kusini kwenye chemchemi za maji moto. Zipo nyingi kandokando ya ziwa. Kali kabisa zinazidi nyuzi 80, na katika vidimbwi vya joto linalopita nyuzi 40 wanaishi visamaki vidogo ambavyo havipati shida yoyote. Mwongozaji alitaka mpiga gitaa asimame kwenye maji ya kifundo cha mguu apige solo yake, na heroe kwa mbali nyuma. Kijana wetu alikubali maji, akakataa tuwakaribie heroe. Alichora mstari kwa fimbo. "Hapa ndiyo mwisho. Wakiruka kwa sababu yenu, mimi ndiye nitaulizwa." Mwongozaji alijaribu kubembeleza hatua kumi zaidi, kijana alitabasamu akakaa juu ya mstari wake. Kwenye picha heroe watakuwa doa la waridi. Doa linatosha.

Saa kumi na moja wingu jeusi lilitoka juu ya ukuta wa Nguruman. Mwongozaji alichanganyikiwa. Mvua, mvua halisi, kwa wimbo wa mtu anayengoja mvua! Tulikimbia na dramu, tukafunga kila kitu upya, mwimbaji akapakwa unga usoni, tukasimama tayari huku tumeangalia juu. Wingu lilituvuka polepole upande wa kaskazini, likatuachia kivuli cha dakika kumi. Tulirekodi kivuli.

Soli ya kushoto ya buti ilibaki chemchemini. Mpiga gitaa alimaliza solo yake na soksi.

Jumatatu, kurudi

Kupanda ni kazi nyingine. Rejeta ya Probox ilichemka mara mbili, na mara ya pili tulitumia maji ya mtungi wa mwisho, yale tuliyokuwa tumejiwekea ya kunywa. Wakati injini inapoa tuliingia Olorgesailie, eneo la mabaki ya kale. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba hapa miaka ya 1940, na mashoka ya mawe ya watu wa kale bado yamelala chini kwa mamia, pale pale yalipokutwa, unapita juu yake kwenye daraja la mbao. Mpiga dramu alitazama kwa muda mrefu akasema waliokuwa wakiyatengeneza pia hawakuwa na mtu wa kuwabebea vyombo.

Kiserian tulikula mbuzi. Hakuna aliyezungumza mpaka mifupa. Kisha mwongozaji aliuliza kama tumelipa vyumba, na ikawa kila mtu alidhani mwenzake amelipa. Tulipiga simu, tukatuma pesa kwa M-Pesa kutoka mezani, mwenye nyumba akacheka na kusema alikuwa anatupa mpaka jioni.

Buruburu saa moja usiku. Mama alifungua gereji, akaona zulia la watu, akaona soksi za mpiga gitaa. Hakusema kitu. Alirudi ndani na kutoka na ndala.

Wiki mbili baadaye

Magadi hayakubaki Magadi. Skrubu za daraja la besi yangu zimeshika kutu na moja haigeuki. Mpiga dramu alilaza stendi zake zote bafuni akazisugua kwa siki na mswaki, na chembe nyeupe bado zinadondoka kila tunapofanya mazoezi. Nyaya zote za gitaa zimebadilishwa. Zulia limeoshwa mara mbili na povu lake linatosha kufulia shule ya bweni.

Leo mwongozaji ametuita kuona video. Tulikaa sakafuni kwa nyumba yake, tarakilishi juu ya stuli. Nilitegemea kuona ile shoti ya Jumapili, ya visikizi, iliyokaa sawa mwanzo hadi mwisho. Alianza na ya Jumamosi. Ile ya tano, iliyoharibika.

Mwimbaji ndiye aliyeuliza.

"Ya Jumapili umepatia," mwongozaji alimwambia. "Mdomo, hatua, kila kitu. Lakini Jumapili ulikuwa unajua unachofanya. Tazama macho ya Jumamosi."

Tulitazama. Ni kweli kwamba uso wa Jumamosi una kitu, labda ni baridi ya alfajiri, labda ni ile aibu ya kuimba na sauti ya panya mbele ya wachungaji wanaocheka. Anageuka, anaanza kutembea, jua linamgusa shavu la kushoto. Mdomo unaanza kuachana na maneno. Kidogo tu. Kabla hujajua kuna kitu, picha inakatwa kwa miguu yake inayovunja magadi, na inaporudi usoni tayari ni Jumapili.

Niliomba arudishe nyuma. Akarudisha. Nikaomba tena. Makutano yako kwenye sekunde ya 41, nami ninayejua nayaona kila mara: shavu moja lina unga, la siku ya pili limeungua jua. Mwimbaji alisema shavu lake ni lilelile, tuache kumtazama, na nani amekula mandazi ya mwisho.